Vidonge Viwili Juu ya Chungu

Bi Mwatime mpendwa, pokea salamu zangu kisha unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo nikifungua mdomo nyumbani naharibu na nikiufunga naharibu zaidi, kwa hivyo nakuandikia nikiwa ndani ya gari hapa nje ya kazi, nimebakiza dakika ishirini za mapumziko na hata chakula sijagusa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, Mkenya wa Bonde la Ufa, naishi Germantown na mume wangu na binti yetu, na kazi yangu ni kugawa dawa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yaani dawa nazijua, mimi si mtu wa kuambiwa maana ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, juzi tu kuna mzee pale kazini aliletewa mvinyo na mwanawe, nikamnusa mdomo, nikakataa kumpa dawa ya jioni na nikampigia nesi simu papo hapo, na nikasifiwa. Mume wangu mwite Cheruiyot. Ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, anafanya kazi Beltsville kwenye nyumba za vioo za kuoteshea mimea, anasimama juu ya saruji siku nzima, na kisukari alicho nacho mwaka wa kumi sasa kimemshukia miguuni. Miguu inamuwaka kama imetiwa pilipili, akilala hataki hata shuka imguse, na nimemwona mtu mzima akitokwa na machozi kwa sababu ya soksi, kwa hivyo usidhani simwonei huruma.

Mwezi wa tatu nikampeleka kliniki mimi mwenyewe, daktari akamwandikia dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ile gabapentini, kidonge asubuhi, mchana na jioni. Daktari akauliza kama anakunywa pombe. Cheruiyot akaniangalia. Sasa aliyekuwa ameketi pale akiandika majibu kwenye kompyuta ni Vaileth, dada Mtanzania tunayeimba naye kwaya moja, basi nikajibu haraka kabla mume wangu hajafungua mdomo, nikasema hapana, sisi ni watu wa kanisa, hatugusi. Vaileth akatabasamu, akaandika, tukachukua dawa tukaenda nyumbani.

Na kwa kweli Bi Mwatime sikuona kama ni uongo kamili, kwa sababu mume wangu hanunui bia, hajaingia baa tangu tufike nchi hii, na ukimwekea wiski na siki mezani hawezi kukuambia ipi ni ipi. Shida ni chungu. Sisi Wakalenjin binti akiposwa kuna koito, siku ambayo wazee wa pande mbili wanakaa kukubaliana, na wakishakubaliana wanakunywa busaa, pombe yetu ya nafaka, kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Huku Marekani imekuwa hivi: ghorofa ya juu mchungaji anaomba na sisi akina mama tunapakua wali na kumimina chai, na kule chini kwenye besimenti wazee wamezunguka chungu, ambacho siku hizi ni ndoo ya plastiki, na mirija ni ile mipira myembamba ya kupitishia maji ya friji wanayokata kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila mtu aliye juu anajua kilicho chini na hakuna anayesema. Mchungaji mwenyewe huuliza, "Wazee wako wapi?" na akijibiwa "Bado wanaongea," anasema sawa, na anaongezewa chai.

Cheruiyot ndiye msemaji. Wazee wanaojua maneno ya koito sehemu hii ni wa kuhesabu kwa vidole, kwa hivyo kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa anaitwa karibu kila Jumamosi, mara Springfield, mara Beltsville, na msemaji akikataa mrija ati upande wa pili watasema ana neno moyoni. Nikimwonyesha karatasi kwenye chupa ya dawa inayokataza pombe ananijibu, "Jelagat, hiyo waliandikia watu wa wiski. Hii yetu ni uji." Nikimwambia uji haumfanyi mtu akaimba kwenye gari kutoka Springfield hadi Germantown, ananuna.

Kisha akajitungia utaratibu wake. Siku ya koito hamezi kidonge cha asubuhi wala cha mchana, anasema anaiachia busaa nafasi. Akirudi nyumbani miguu inawaka vibaya sana kwa sababu ameruka dawa, basi anameza viwili kwa pamoja kufidia. Nimemkataza, nimemwomba, nimeficha chupa akaipata, nimemnunia siku tatu na hakugundua kwamba nimenuna.

Jumamosi mbili zilizopita tulitoka koito ya Beltsville saa tisa alasiri, mimi ndiye niliyeendesha gari. Alipoingia tu akameza vidonge viwili, akaketi kwenye kiti chake sebuleni, akalala. Saa kumi na moja binti yetu Jeptoo akaniita. Jeptoo ana miaka ishirini na sita, amekulia hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na ukimsikia amechanganya ujue ameogopa. Akaniambia, "Mom, come look at Dad. Hapumui vizuri." Nikasimama mbele ya babake nikatazama kifua na saa ya simu, jinsi ninavyofanya kazini, nikapata pumzi nane kwa dakika, na mtu mzima hatakiwi kupungua kumi na mbili. Nikahesabu upya, nane. Nikamtikisa, akafungua macho nusu, akayafunga. Jeptoo akashika simu akasema, "I'm calling 911," na mimi, Bi Mwatime, nikamnyang'anya ile simu mkononi.

Ndivyo nilivyofanya na siwezi kukuficha. Saa kumi na mbili tulikuwa na ushirika wa nyumbani kwetu, watu kumi na wanne, Vaileth akiwemo, na nikaona gari la wagonjwa limesimama mlangoni linawaka taa, watu wanashuka na bakuli zao za chakula wanauliza kuna nini, na wale vijana wa gari la wagonjwa wananiuliza mbele ya wote, huyu amekunywa nini. Nikamwambia Jeptoo, "Mimi hii kazi naijua. Babako amechoka tu." Tukamwinua akae wima, nikampaka maji baridi usoni, nikamsugua kifua, na baada ya kama nusu saa akaamka akaomba chai. Ushirika ukafanyika. Cheruiyot alisoma hata Neno, na akalisoma vizuri.

Tangu siku hiyo Jeptoo hazungumzi nami, ni "I'm fine" na "I'm at work" basi, na sasa jambo lenyewe lililonifanya niandike ni kwamba koito ya Jeptoo mwenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa kwetu, familia ya kijana wanakuja watu arobaini, ndoo imeshaagizwa, na Jeptoo ameniachia ujumbe kwenye simu kwamba ile ndoo ikiingia nyumba hii yeye hatashuka chini kuposwa. Nimechoka. Nimechoka kuwa polisi wa vidonge vya mtu aliyenizidi miaka mitano, nimechoka na wazee wanaompigia simu kumwita na hakuna hata mmoja anayempigia kumuuliza miguu inaendeleaje, na nimechoka kuwa adui wa mtoto ambaye sherehe yake mimi ndiye ninayeipikia.

Ninachoomba ni hiki, uniambie tu ni saa ngapi zipite kati ya kidonge na chungu ili asidhurike, nipange ratiba ya siku ile, na uniambie niseme nini kwa Jeptoo ili aelewe kwamba nilikuwa nalinda jina la babake. Tafadhali badilisha majina.

Mama aliyechoka, Germantown

*

Mama uliyechoka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa kuwa ya kwanza ilininyanyua kitini. Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu kumuuguza mume mkaidi ni kazi isiyo na zamu wala likizo. Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka, lakini mambo yenyewe sikuweza kuyabadilisha, na watu wetu wa huku Jumapili mchana hawana shughuli nyingine ila kuichambua safu hii gazetini, kwa hiyo jiandae. Huenda mkajulikana, na huenda kujulikana kukawafaa.

Nianze na swali lako. Unataka saa. Sikupi saa, bibie, na yeyote atakayekupa mkimbie. Kwanza, hakuna mtu Marekani nzima anayejua mumeo amekunywa kiasi gani, maana wazee kumi wakivuta kwenye ndoo moja, aliyevuta kikombe na aliyevuta galoni wanaonekana sawa. Pili, mwenye haki ya kukujibu ni daktari wake, anayejua kisukari chake na figo zake, na daktari huyo wewe ulimwambia mgonjwa hagusi. Umemfunga macho kisha unakuja kuniuliza mimi njia.

Hata hivyo sikukaa bure. Nilimpigia Jawad, mfamasia ninayemwamini, nikamsimulia bila kutaja mtu. Kisha akaniuliza, "Huyo bwana bado yu hai?" Nikamwambia yu hai na amesoma Neno. Akanieleza kwamba dawa ile inaulegeza ubongo na pombe inaulegeza ubongo, na zikikutana hulegeza hata ile sehemu inayokumbusha kifua kupumua. Busaa ni pombe, hata ikinywewa na wazee wa kanisa, hata ikiwa nzito kama uji. Mchezo wa kuruka dawa asubuhi na kumeza viwili jioni, Jawad alisema, ndio mbaya kuliko yote, maana vinaingia tumboni wakati busaa imeshakolea. Na kuiacha dawa ghafla vilevile si salama, msije mkasema Bi Mwatime kawaambia muitupe. Halafu akaongeza jambo ambalo nataka mzee asomewe kwa sauti: pombe yenyewe inakula mishipa ile ile ya miguu inayomliza. Anaimwagia mafuta ya taa sehemu inayowaka.

Sasa wewe. Umeandika ukurasa mzima kumshitaki Cheruiyot, nami nilikuwa nakubaliana nawe kabisa, natikisa kichwa, mpaka nikafika pale kliniki. Daktari alimuuliza nani? Alimuuliza yeye. Mumeo akakuangalia wewe, maskini, pengine alitaka kusema. Ukajibu wewe. Tena ukajibu si kwa sababu hujui dawa, wewe unayezijua kuliko mimi, bali kwa sababu mwimbaji mwenzako alikuwa na kompyuta mbele yake. Kwa mzee wa watu, mwenye mvinyo wa mwanawe, ulipiga simu papo hapo. Kwa baba wa mtoto wako ulihesabu pumzi nane, ukahesabu tena nane, ukanyang'anya simu. Mwenzangu, nimekasirika nawe, na nakuambia nimekasirika kwa sababu ukiwa peke yako kwenye lile gari na wewe unajikasirikia, ndiyo maana chakula hakishuki.

Unataka Jeptoo aelewe kwamba ulilinda jina la babake. Jeptoo hana cha kueleweshwa. Aliona sawa, akasema sawa, akashika simu sawa, na amekulia hapa bila kujifunza ustadi wetu wa kutoona kilicho chini ya ngazi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mfuate leo, umkalishe, umwambie hivi: "Ulikuwa sahihi. Nilikunyang'anya simu kwa sababu niliona aibu. Nisamehe." Ukitaka mwambie kwa Kiingereza, ukitaka kwa Kikalenjin, lakini ukishamaliza usitie "lakini". Akilia mwache alie, akinyamaza nyamaza naye.

Cheruiyot, kaka yangu, najua utasomewa hii, na kama hujasomewa basi umeikuta mezani imekunjwa upande huu. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, chungu chenu sikijui na besimenti yenu siwapangii. Lakini nilimtafuta mzee wa kwenu, Tobias, aliyeozesha mabinti wanne, nikamuuliza msemaji akiwa mgonjwa inakuwaje. Alicheka. Alisema hata kwa babu zake wazee waliugua, na mzee mgonjwa alishika mrija kwa heshima kisha akampa mdogo wake avute kwa niaba, na hakuna ndoa iliyovunjika. Kwa hiyo ile habari ya kwamba ukikataa mrija watasema una neno moyoni, umeitengeneza mwenyewe, na inakufaa kwa sababu unapenda kile kinachotoka kwenye mpira. Kipende, ni haki yako. Ila siku ya mwanao, utasimama mbele ya wakwe arobaini na kusema maneno mawili: daktari amenikataza. Mtu anayeweza kusema maneno ya koito kwa saa sita hawezi kushindwa na haya mawili. Na ndoo, kwa kuwa bibi harusi ameomba isiingie, isiingie. Ni posa yake.

Mambo ya kufanya ni haya, mama, na sitaki uyapangie ratiba yako mwenyewe. Kliniki ikifungua tu kesho, piga simu. Mumeo awe ameketi pembeni yako, simu iwe kwenye spika. Akipokea Vaileth, mwambie Vaileth, kwa maana habari za mgonjwa sheria haimruhusu kuzipeleka kwaya, na akizipeleka hilo litakuwa deni lake na si lako. Sema hivi bila kuzunguka: "Nilijibu badala ya mume wangu na nilisema uongo. Anakunywa, anaruka dawa kisha anameza mbili, na Jumamosi ile alipumua mara nane kwa dakika na hakuamka vizuri." Kisha mpe simu, aseme mwenyewe anakunywa mara ngapi, na ombeni aonwe kabla ya Jumamosi ya sherehe. Mpaka daktari aseme lake, haweki mrija mdomoni, si kwa kuonja, si kwa heshima ya mtu. Dawa anaimeza kama ilivyoandikwa, na akisahau kimoja hafidii kwa viwili, anamuuliza mfamasia. Asiendeshe gari akiwa amesinzia, ile barabara kuu ya Beltway ina watu wengine ndani yake. Na siku yoyote ukimtikisa asiamke vizuri, au pumzi zikawa chache, au midomo ikabadilika rangi, mnapiga 911 kwanza, mengine mtaeleza baadaye. Atakayeshika simu wa kwanza ndiye mkubwa wa nyumba kwa dakika hiyo.

Unajua vizuri ile Jumamosi ingeweza kwenda upande gani. Watu wale wale kumi na wanne wangekuja kwako, na bakuli zile zile, wakakaa wiki nzima wakikupikia. Siku ya mazishi mmoja wao angesimama mbele ya kanisa akasema marehemu hakugusa pombe maisha yake yote, mfano wa kuigwa, na kanisa zima lingeitikia amina, na wewe ungeitikia pia kwa kuwa ungekuwa huna njia nyingine. Na Jeptoo angekuwa ameketi bega kwa bega nawe, anajua. Piga hiyo simu.

Bi Mwatime